Gari Lililopendeza Kupita Kiasi

Wiki iliyopita binti yangu alinituma nikamchukulie meza ya mtoto aliyoinunua kwenye simu, kwa mtu asiyemjua, mahali asipopajua. Ndivyo wanavyonunua vitu siku hizi. Nikaondoka nyumbani kwangu Rissne na gari langu, simu ikiniongoza kulia na kushoto, ikanipitisha kwenye mzunguko mpya, na nilipofika nikazima injini nikabaki nimekaa. Mbele yangu palikuwa na ghala refu jeupe la vifurushi, malori yamesogeza makalio yao ukutani, na nyuma ya ghala kile kilima. Kilima nilikijua. Tulikaa pale mimi na mama, tumetandika kanga juu ya mfuko wa nailoni kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa, na pale palipojengwa ghala magari yalikuwa yanazunguka na kugongana.

Mwenye meza akanipigia mara mbili kuuliza nimefika wapi. Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Kuna mambo nimeyakalia karibu miaka hamsini, na leo wewe ndiye utakayeyasikia, maana nimechoka nayo.

Najua utaniuliza, watu wa Tanga na mbio za magari za Waswidi wapi na wapi. Baba yangu alikuwa fundi. Sisemi fundi wa kubahatisha, nasema fundi. Kule kwetu alikuwa wa mitambo ya mkonge, na mashine ikigoma walimfuata hadi msikitini. Akaletwa huku kwa Waswidi, mji wa Södertälje, kwa mafunzo ya injini za malori pamoja na vijana wengine wa Kitanzania, mimi na mama tukamfuata. Mafunzo yakaisha, wenzake wakarudi nyumbani wakawa wakubwa, yeye akabaki kwa sababu mama alikuwa ameshapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali na mimi nilikuwa nimeanza shule. Kiwandani wakamwambia kazi ipo. Wakampa ufagio. Kila siku alitoka kwetu Rinkeby alfajiri, akabadilisha usafiri njiani, kwenda kufagia chenga za chuma chini ya mashine alizozijua kuliko waliokuwa wakiziendesha. Haya hakuyasema yeye. Aliyasema mama, tena kwa sauti, tena mbele yake.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mfini, mtu wa Finland, mwenye shingo fupi na mikono ya makovu ya kuungua. Mkewe alimkimbia, watoto wakamfuata mama yao, akabaki na banda la bati alilolikodi pembeni ya uwanda wa Järva, limejaa magari mabovu. Mfukoni alikuwa na peremende nyeusi za chumvi za kwao, mbaya sana mdomoni, nami nilizipenda kwa sababu alinipa mimi tu. Kiswidi chake na cha baba vyote vilikuwa vya kuungaunga, basi wakaelewana vizuri mno. Bandani alibandika picha za magazeti ya Marekani, magari arobaini ya rangi kali yakikimbia kwa pamoja kwenye barabara ya duara iliyoinuka upande mmoja kama ukingo wa karai. Mama alisema baba anazitazama picha zile kuliko anavyoitazama ya Kaaba iliyokuwa sebuleni kwetu.

Mbio zetu hazikuwa hivyo. Za kwetu Waswidi wanaziita folkrace, mbio za akina sisi, kwenye changarawe na tope, magari sita kwa mkupuo, yote chuma chakavu kilichong'olewa vioo. Na zina sheria moja ambayo lazima uielewe. Mbio zikiisha, gari lako linauzwa. Bei ni moja kwa magari yote, ndogo, imepangwa, haijali umeshinda au umepinduka. Dereva yeyote mwenye kadi ya mbio anaandika jina lake kwenye karatasi, anaitumbukiza kwenye ndoo ya gari analolitaka, na mwenye gari haruhusiwi kukataa wala kuweka jina lake mwenyewe. Wakilitaka wengi, kura inapigwa. Ukigoma unafungiwa. Walipanga hivyo ili tajiri asije na gari la dhahabu akawadhalilisha maskini. Ukiisikia hivyo unaona ni haki tupu.

Kwa hiyo wazoefu walikuwa na ujanja. Injini nzuri unaificha chini ya boneti iliyobonyea, milango unaipaka rangi ya uzio kwa brashi, kiti unakiacha kinuke paka, ili asitamani mtu. Jirani alimwambia baba hivyo siku ya kwanza, akamwambia tena siku ya mwisho. Baba alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akafanya alivyolelewa. "Mimi sitoki mbele za watu na kitu kichafu," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa kiwandani kulikuwa na msimamizi wa karakana ya injini, mtu mrefu wa kope nyeupe, naye alikuwa mtu wa mbio. Akasikia kwamba mfagiaji wake anatengeneza gari. Siku moja saa ya kahawa, watu wote wamekaa, akamwambia baba atengeneze injini, ashinde nayo, kisha Jumatatu ailete karakana ifunguliwe ionekane kazi yake. Akiridhika, baba ataacha ufagio na kupewa meza ya kutengenezea injini. Watu wakacheka. Baba hakukisikia kile kicheko, au alikisikia akakisamehe. Siku hiyo alirudi nyumbani na keki ya krimu kwenye boksi, akala kipande kimoja amesimama, akatoka kwenda bandani. Mama alimuuliza mlangoni, je, likinunuliwa siku hiyo hiyo ya mbio, Jumatatu atapeleka nini? Baba akacheka. Nani atanunua gari la mfagiaji?

Majira yale ya baridi tulimpoteza. Akirudi kazini anavua viatu, anaswali, anavaa viatu tena. Mama aliliita gari mke mwenzangu. Mke mwenzangu ameamkaje? Mke mwenzangu amekula? Mwanzoni ulikuwa utani na baba alikuwa anaujibu. Mama alipika wali wa nazi kwa ile nazi kavu ya kuokea keki, anaichemsha na kuikamua kwenye kitambaa mpaka viganja vinamwiva, kwa sababu baba ndiye aliyeupenda, kisha anaufunika kwa sahani na kuuweka juu ya rediata usipoe. Asubuhi tunaukuta palepale, umekauka. Mama akaacha kupika wa nazi, na utani ukaisha.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kabla ya gari baba alikuwa wangu. Jioni alinikalisha juu ya meza ya jikoni, akafungua redio mbovu za watu, akanitajia jina la kila kidude na kunifanya niyarudie. Waswahili wa Rinkeby walikuwa wanamcheka kwamba analea fundi wa kike. Lakini bandani hakunipeleka. Alisema kuna baridi na mdomo wa jirani una maneno ya kihuni.

Mwezi wa kumi na mbili shuleni kuna sherehe ya Lucia, watoto wanaandamana na mishumaa, mmoja amevaa taji. Nilitaka taji lile mpaka nikaumwa. Mwalimu akanishika nywele mbele ya darasa, akasema taji halitakaa juu ya kitu kama hiki, akanivalisha nguo ya kahawia niwe biskuti ya tangawizi, wa mwisho kwenye mstari. Nilivumilia kwa sababu baba aliapa atakuja. Niliimba wimbo wote nikitazama mlango. Mama alikuja peke yake, na harufu ya sabuni ya hospitali. Baba alikuwa anasugua kabureta. Aliniomba radhi kesho yake, akasema gari likiisha atakuwa wangu kila siku. Gari likiisha. Yale maneno niliyahesabia siku kama mtu aliye jela.

Likaisha mwezi wa tano. Ewe, lilikuwa zuri! Sijawahi kuona kitu kizuri kama lile gari, na nimeona mengi. Alilipaka buluu ya kukolea, akalisugua mpaka unajiona uso. Kiti alikishonea kanga ya mama, ile nyekundu, na mama hakuulizwa. Injini alipoiwasha ilinguruma taratibu bila kukohoa. Jirani alilizunguka mara mbili, akatikisa kichwa, akasema kitu kwa Kifini ambacho hakukitafsiri.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi ya baridi. Mama alibeba maandazi na chupa ya chai ya tangawizi, kwa sababu pale walikuwa wanauza soseji za nguruwe na kahawa tu, na mimi nilikaa kilimani nikizinusa zile soseji na kumeza mate. Kelele zilikuwa zinakuingia kifuani. Gari la buluu lilipotoka, watu walicheka kwanza. Nani anapeleka gari la harusi topeni? Kisha dereva, baba yangu, akavua kofia kuifunga vizuri, wakamwona ni nani, na wakacheka aina nyingine ya kicheko. Mtu mmoja nyuma yetu alipiga sauti za nyani. Watoto wake wakamwiga. Mama hakugeuka. Aliendelea kunimiminia chai, ikajaa, ikamwagika mapajani kwangu.

Mkupuo wa kwanza walimgonga ubavuni makusudi, wawili kwa zamu, mpaka mlango ukaingia ndani. Baba hakuwagonga. Alisubiri wakigombana wao kwa wao kwenye kona, akapita pembeni palipo na tope jembamba, na injini ile ikamtoa. Mikupuo yote mitatu ya mchujo alifanya hivyo hivyo. Fainali alimaliza wa kwanza, na yule wa sauti za nyani alikuwa ameshanyamaza. Mama alilia akajifuta kwa ncha ya ushungi akisema ni vumbi. Palikuwa na tope, vumbi litoke wapi.

Nilimkimbilia baba chini. Alikuwa amemkumbatia jirani, uso mweusi tope tupu, meno nje, anaongea mbiombio. Anasema Jumatatu anapewa meza ya injini. Anasema mwakani watatengeneza lingine, kubwa zaidi, na sasa wakianza mapema, jioni zote, Jumamosi na Jumapili pia. Nilimshika suruali. Akanigusa kichwa bila kunitazama, akaendelea. Nikaiachia suruali yake. Gari lilikuwa limeisha, na hakukuwa na chochote kilichokuwa kinaisha.

Magari yakapangwa, kila moja na ndoo juu ya boneti. Mengi yalipata karatasi moja, mengine hayakupata kitu. Mbele ya la baba ulipangwa mstari. Nani asingelitaka? Limepakwa rangi, limeshonewa kiti, limeshinda, na bei ni ileile ya makopo. Baba alitazama ule mstari na tabasamu lake likaanza kushuka. Nadhani hapo ndipo alipoielewa ile sheria kwa mwili wake.

Jirani naye aliingia mstarini. Kisha akaja akaniinamia, ananuka tumbaku. Mtangazaji huwa anachagua mtoto wa kutoa kura, akaniambia, nami nitakusukuma mbele achague wewe. Ndani ya karatasi yangu nimekunjia washa ya chuma, kile kipete kidogo cha kuwekwa chini ya bolti. Utaisikia nzito. Toa hiyo, nitalinunua mimi, nimrudishie baba yako leo hii. Na baba asijue, maana atakataa. Ni kweli angekataa. Alikuwa mtu wa kupoteza kila kitu kwa unyoofu.

Ikawa kama alivyosema. Mtangazaji aliponiona akafurahi kama aliyepata mchezo, akaninyanyua juu ya trela, akawaambia watu kwenye kipaza sauti kwamba leo bahati yao iko mikononi mwa kipande cha chokoleti kutoka Afrika. Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa wema, na wale nao sijawasamehe. Nikatia mkono kwenye ndoo ya baba.

Niliipata mara moja. Ilikuwa chini, ngumu katikati, nzito. Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ambapo kwa miaka yote nimekuwa nikijidanganya. Sikuteleza. Sikuchanganyikiwa na kelele. Niliishika, nikaipima, nikajua ni yenyewe. Niliijua pia meza ya injini, nilikuwa nimeisikia nyumbani kwetu majira yote ya baridi. Nikamtazama baba. Alikuwa amesimama kando ya gari, kiganja juu ya paa, analitazama gari. Nikaiachia ile karatasi, nikachukua nyingine.

Jina lililosomwa lilikuwa la msimamizi.

Unajua baba alifanya nini? Alitabasamu. Maskini, alidhani amenusurika. Alimwendea kwa mikono miwili, akampa pongezi, akasema basi Jumatatu hakuna haja ya kulivuta mpaka kiwandani, bwana mkubwa mwenyewe analo. Nilikuwa bado juu ya trela, nikasikia kila neno.

"Injini ni yangu sasa," msimamizi akasema. "Nitajuaje nani aliitengeneza? Jumatatu njoo na ufagio."

Waliokuwa karibu wakacheka kile kicheko cha saa ya kahawa. Baba alitoa leso, akafuta usukani tope, akafuta na kitasa cha mlango, ndipo akampa ufunguo. Mama alifika akaomba angalau arudishiwe kanga yake. Wakamwambia vilivyoshonewa garini vinakwenda na gari. Nyuma yao jirani alikuwa amemwaga ndoo chini, anafungua karatasi moja moja. Alipoifungua yake, washa ikamdondokea kiganjani. Akainua macho akanitazama. Tangu siku ile peremende hakunipa tena maisha yake yote.

Jumatatu injini ililetwa karakana kweli. Waliipandisha juu ya meza, wakaifungua, mafundi wakaizunguka wakiisifu, na msimamizi akasema yeye siku zote ana jicho la kuchagua. Baba alikuwa anafagia chini ya meza hiyo. Walimwambia asogeze ufagio, anawatilia vumbi. Hilo alilisimulia mara moja tu, kwa mama, nami nikiwa chumbani na mlango wazi. Majira yale ya joto mtoto wa msimamizi alishinda mbio na gari la buluu, kiti chake kanga ya mama yangu.

Leo banda limevunjwa, pamejengwa nyumba. Jirani alirudi Finland akafia huko. Mama yuko na mimi, anasahau majina, jina la gari pekee ndilo analolikumbuka, bado anauliza mke mwenzangu kaenda wapi. Mjukuu wangu namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, na anadhani babu wa picha ukutani alikuwa mfagiaji, kwa sababu kwenye picha ameshika ufagio.

Lakini nilichokitaka nilikipata, hilo nalo ulijue. Baba alirudi nyumbani. Kila siku saa kumi na moja na nusu jioni alikuwa mlangoni, anavua viatu, anaswali, hatoki. Mama alianza tena kupika wa nazi. Baba anakula, anashukuru, anakaa kwenye kiti cha dirishani, mikono juu ya mapaja, safi, kucha safi. Wiki ya kwanza nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilimletea redio ya mtu, mbovu, nikaiweka mezani na bisibisi pembeni. Akaitazama kidogo, akasema mwenyewe anunue mpya, siku hizi ni rahisi. Nikamletea daftari langu la shule. Akasema mama yako anajua zaidi. Hakuwa na hasira na mimi, angekuwa nayo ningeshukuru. Jirani aligonga mlango mara mbili tatu kumwita bandani, kisha akaacha.

Ilipofika majira ya baridi sikuweza tena. Nilisimama mbele ya kile kiti nikamwambia, baba, nenda bandani. Nenda tu. Nikamvuta mkono. Haukuwa mzito, alikuwa amekonda.

"Nikafanye nini, mwanangu?" akasema, kwa upole wake uleule. "Si mlinitaka hapa."

Kama jirani alimwambia habari ya ile karatasi niliyoiachia, sijui, na sikuuliza mpaka tukamzika baba. Siku ile alinipa kikombe nimwongezee chai. Nikamwongezea, akanywa, akageukia dirisha, na hivyo ndivyo alivyokaa nasi miaka kumi na mmoja.